Mpiga Picha Aliyeificha Sura ya Mgeni kwa Miaka Thelathini na Tisa

Saa mbili na robo asubuhi. Mtoto wa miezi saba anatakiwa kupigwa picha ya pasipoti, na hana habari nayo. Anatazama taa. Anatazama dari. Anautazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ameuokota sasa hivi.

Hawezi kukaa peke yake, kwa hiyo mama yake ameketi kwenye stuli akiwa amefunikwa shuka jeupe gubigubi, na mtoto amepakatwa juu ya shuka hilo. Kwenye picha ataonekana mtoto tu.

"Mama, usicheke humo ndani, shuka linatikisika," anasema mpiga picha.

"Nasikia joto, Bi Tulia!"

"Vumilia kidogo. Haya, wewe mdogo, tulia... tulia..." Anabonyeza. "Umetoka! Umetoka kama waziri."

Mpiga picha huyu ana umri wa miaka sitini na tatu. Kwenye kitambulisho ana jina lake, lakini hapa mtaani halijulikani. Neno moja, "tulia", amelisema mbele ya watu kwa zaidi ya miaka arobaini mpaka likamganda. Hata aliyeandika kibao cha mlangoni hakuuliza. Aliandika tu: Studio ya Bi Tulia.

Studio yenyewe ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la viatu na duka la dawa. Kuna pazia la bluu, pazia jeupe, taa mbili zenye miavuli, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisipotee. Nyuma kuna mlango mwembamba wa kilichokuwa chumba cha giza, alikokuwa akisafishia picha enzi za mikanda. Siku hizi humo mna ndoo, ngazi na zana za mumewe.

Lakini juu ya kaunta, tangu Februari, kuna kitu ambacho wateja hawakukitarajia. Ni kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Kwenye picha ya jalada, kiumbe chenye macho kama taa za pikipiki kimesimama mbele ya mlango uliofungwa, mkono juu, kikitaka kubisha hodi. Kitabu kinaitwa *Nyuma ya Mwezi wa Pili*. Kina kurasa 176 na picha 143, na zote amezipiga yeye.

"Watu wanakifungua, wananiangalia, wanakiangalia tena," anasema huku akikifuta vumbi kwa kiganja. "Mmoja aliniuliza kama mwenye studio yupo."

*Mwezi wa Pili* ni filamu iliyotengenezwa miaka thelathini na tisa iliyopita. Inasimulia habari za wachimba chumvi kwenye sayari yenye miezi miwili. Siku moja, kutoka kwenye mwezi wa pili, kinashuka kiumbe ambacho watu wanakiita Mgeni. Hasemi neno. Hamdhuru mtu. Anapita nyumba hadi nyumba akibisha hodi, na watu wanajifungia kwa hofu, mpaka dakika ya mwisho ambapo mwanamke mmoja anafungua mlango na kumsogezea kiti.

Ilipotoka, ilianguka chali. Ilionyeshwa siku sita tu.

"Kwanza jina lilitusumbua," anakumbuka Bi Tulia. "Watu wakisikia Mwezi wa Pili wanadhani ni filamu ya Februari. Mtu anakuja mlangoni anauliza, 'Ya Machi mtaonyesha lini?'"

Siku ya mwisho watazamaji walikuwa kumi na wanne, na wawili kati yao walikuwa wamekimbia mvua. Mwongozaji alifunga virago akaenda kutengeneza matangazo ya sabuni. Filamu ikasahauliwa.

Ikasahauliwa, lakini haikufa. Nakala chache za kanda za video zilizunguka mkono kwa mkono. Miaka kama kumi na minane iliyopita, wanafunzi wa chuo kimoja waliipata, wakaionyesha kwenye ukuta wa bweni, na tangu hapo mambo yakashika kasi. Leo ina wapenzi wanaoijua neno kwa neno. Kila mwaka wanakutana kuitazama, wengine wakiwa wamevaa kama Mgeni. Nao hukutana lini? Februari, bila shaka.

Jambo moja liliwashinda wapenzi hao miaka yote: je, ndani ya Mgeni mlikuwa na nini? Orodha ya majina mwishoni mwa filamu haitaji aliyeigiza. Wengine walisema ni mashine iliyoagizwa kutoka mbali. Wengine walisema ni watu wawili, mmoja amembeba mwenzake. Mwongozaji alipoulizwa na gazeti moja kabla filamu haijatoka alijibu, "Mgeni ni Mgeni," akaishia hapo.

Jibu lilikuwa chini ya kitanda cha Bi Tulia.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, akifanya kazi katika studio ya mjomba wake, watu wa filamu walipoingia kununua mikanda ya kamera. Walikuwa wanatafuta mtu wa kupiga picha za seti kila siku.

"Si za kupamba ukuta," anaeleza. "Ni za kukumbuka. Mwigizaji asubuhi amefunga vifungo vitatu na mkono mmoja wa shati ameukunja. Mkimaliza kula, arudi vilevile. La sivyo, kwenye filamu anaingia mlangoni ana vifungo vitatu, anatokea chumbani ana vitano. Basi mimi nilikuwa napiga kila kitu. Vifungo, nywele, vikombe, nyayo kwenye chumvi. Mjomba akaniambia, 'Nenda, lakini usirudi na kiburi.'"

Kazi ilichukua siku thelathini na tatu. Alitumia mikanda sitini na mmoja.

Kwenye seti hiyohiyo kulikuwa na fundi wa kuchomelea, kijana mrefu wa miaka ishirini na tisa, aliyeitwa kuunda chombo cha angani kwa mapipa na tangi bovu la maji. Hakuwa mwigizaji na hakutaka kuwa. Ila vazi la Mgeni lilikuwa na uzito wa kilo kumi na tisa. Lilikuwa la turubai na mipira ya ndani ya matairi, na kichwa chake kikubwa kilikuwa cha waya na karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Mwigizaji aliyekuwa alivae alizimia dakika ya ishirini ya siku ya kwanza. Wakamtoa, wakampepea, akachukua begi lake akaenda zake.

"Mwongozaji akazungusha macho," anasema Bi Tulia. "Anatafuta mtu mrefu, aliyezoea joto, na aliyezoea kuangalia dunia kupitia kitundu. Fundi amesimama pale, kinyago cha kuchomelea mkononi. Nani mwingine?"

Tangu hapo, kila asubuhi na kila baada ya chakula, dada mpiga picha alimpiga picha Mgeni mbele, nyuma na pembeni, ili viraka vyote vikae mahali pake. Mara nyingine kichwa kilikuwa kimevaliwa. Mara nyingi hakikuwa kimevaliwa, maana Fundi hakukubali kukivaa hata sekunde moja kabla ya wakati.

"Nilimpiga picha mia mbili kabla sijajua anatia sukari ngapi kwenye chai," anasema, na kicheko kinamtoka puani. Walioana mwaka uliofuata.

Siku ya mwisho ya kazi, mwongozaji alimvuta Fundi pembeni, nyuma ya lile tangi. Alimwambia maneno machache: "Usimwambie mtu yeyote kwamba ulikuwa wewe, mpaka nitakapokuambia." Fundi akajibu, "Sawa." Wakapeana mikono.

Mwongozaji hakuwahi kumwambia. Na Fundi hakuwahi kusema.

Anayetaka kujua uzito wa neno "sawa" kwa mtu huyu, amsikilize bintiye. Mkubwa kati ya watoto wao wawili ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, mwenye miaka thelathini na minne. Alipokuwa chuoni aliiona *Mwezi wa Pili* kwenye ukuta wa bweni na akarudi nyumbani kama aliyepagawa. Alijua kwamba mama yake aliwahi kupiga picha kwenye seti ile, lakini kila alipouliza ziko wapi aliambiwa, "Za kazini zinabaki kazini." Ilimbidi ajishonee vazi la Mgeni mwenyewe, kwa magunia na mabaki ya mipira. Kila Januari alifanya mazoezi ya kutembea kwenye korido ya nyumba.

"Baba amekaa na gazeti lake," anasimulia mwalimu huyo. "Mimi napita, narudi, napita, narudi. Hainui macho. Mara nasikia, 'Mguu wa kushoto usiuinue. Uburute.' Nikamuuliza, 'Baba, wewe hii filamu umeiona lini?' Akafungua ukurasa wa michezo. 'Nasikiasikia tu,' akasema."

Kwa miaka kumi na mitano mama alishuhudia mambo hayo akiwa anakoroga uji au anakunja nguo, na alinyamaza pia. Je, hakuona uchungu?

"Niliona. Lakini neno halikuwa langu," anajibu. "Negativu zilikuwa zangu, neno lilikuwa lake. Sasa ningetoaje picha mtu asimwone? Yumo kila mkanda. Bora zikae sandukuni."

Sanduku hilo Fundi alilichomelea mwenyewe kwa bati nene, likakaa chini ya kitanda chao, likahama nao nyumba mara nne.

Mwaka jana, masika, Bi Tulia alilivuta akitafuta cheti cha ndoa kilichotakiwa na watu wa bima. Alipofungua kifuniko, harufu kali ilimpiga usoni. Ilikuwa harufu ya siki.

"Mtu mwingine angedhani chupa imemwagika. Mimi nikakaa chini sakafuni," anasema. Mikanda ya aina ile, anaeleza, ikizeeka kwenye joto na unyevu huanza kuoza. Kwanza inanuka siki, halafu inajikunja na kusinyaa, na mwisho picha inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Mkanda mmoja ukianza, unaambukiza jirani yake. Na hakuna dawa.

"Nikamwita. Nikamwambia, 'Mume wangu, picha zinakufa.' Akaja, akainama, akanusa. Akauliza, 'Zote?' Nikasema, 'Tukikaa hivihivi, zote.' Alisimama pale muda mrefu akijikuna kidevu. Halafu akasema, 'Ziokoe. Lakini zangu zisitoke nje.'"

Hapo ndipo mhariri anapoingia. Ni mwanamke wa miaka kama arobaini, mwenye nyumba ndogo ya uchapishaji iliyoko ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ni mmoja wa wale wanafunzi wa kwanza wa kwenye bweni, na ana skana nzuri ya negativu. Bi Tulia alipata namba yake kwa bintiye, bila kumweleza bintiye ni ya nini.

"Alipanda ngazi amekumbatia sanduku kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa," anakumbuka mhariri. "Akaniambia, 'Mwanangu, naomba uzihifadhi. Utamwona mtu humo. Ukimwona, hujamwona.' Sikuelewa. Siku ya tatu nikafika mkanda wa kumi na saba."

Katika picha ya mkanda wa kumi na saba, Mgeni ameketi kwenye benchi, miguu mirefu imenyooshwa. Kichwa chenye macho ya taa kimepumzika mapajani mwake. Juu ya shingo ya turubai ni uso wa kijana uliolowa jasho, shavu limejaa mkate, na anamcheka mtu aliyeshika kamera.

Mhariri anasema alizima skana, akashuka chini dukani, akanunua soda, akainywa yote akiwa amesimama.

Jumapili hiyo alibisha hodi nyumbani kwa Bi Tulia. Aliamkia, akakaribishwa, akakaa ukingoni mwa kochi kama aliyekuja kuposa.

"Mzee, naomba niseme," alianza. "Mikanda tisa imeshakwenda, haisomeki. Hamsini na miwili imepona. Naweza kutoa kitabu. Lakini kitabu bila wewe ni kitabu cha vikombe na vifungo. Watu wamengoja miaka yote hii kujua."

"Mimi sina ugomvi na kitabu," alijibu Fundi.

"Sasa, Mzee, tatizo ni nini?"

"Niliahidi."

"Uliahidi miaka thelathini na tisa iliyopita!"

"Ndiyo. Na leo sijasikia kwamba imeisha."

Bi Tulia anakiri kwamba siku hiyo nusura akose uvumilivu. Hakumpinga mumewe mbele ya mgeni, lakini jikoni, wakati wa kuosha vikombe, alimwambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia kabla: kwamba zile zilikuwa kazi yake pia, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na kwamba amekaa nazo chini ya kitanda akihesabu maharusi na pasipoti kama vile hajawahi kufanya lingine duniani.

Fundi alimaliza kupangusa kikombe. "Basi twende tukamwulize mwenyewe," akasema.

Hakuna aliyejua kama mwongozaji bado yu hai. Mhariri alipiga simu wiki nzima, kwa mtu aliyemjua mtu, mpaka akapata namba ya dada yake. Naam, yuko hai, ana miaka themanini na moja, anaishi kwa dada huyo katika mji ulio mwendo wa saa nne. Masikio yamechoka, akili iko sawasawa.

Walikwenda watatu. Wakamkuta barazani, blanketi magotini, redio imewashwa kwa sauti ya kufukuza ndege. Dada yake akaizima. Fundi aliinama akamwamkia, akataja jina lake. Mzee akamtazama, akamtazama, halafu akanyoosha mkono na kumgusa bega, kama mtu anayepima kimo.

"Ni wewe uliyekuwa ndani," akasema.

"Ni mimi, Bosi."

"Umezeeka!"

"Na wewe hujambo."

Wakacheka. Bi Tulia akaweka mapajani mwa mzee picha ya benchi. Mzee akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akavua miwani. Akauliza kwa nini hakuwahi kuiona picha hii hata gazetini.

"Uliniambia nisimwambie mtu, mpaka utakaponiambia," akasema Fundi. Ilimbidi arudie mara mbili kwa sauti kubwa.

Dada wa mzee akadhani hajasikia, akainama amsemeshe sikioni, lakini mzee akamzuia kwa kiganja.

"Nilimaanisha mpaka filamu itoke," akasema taratibu. "Wiki mbili. Tatu. Nilitaka watu waogope kwanza. Halafu ikatoka, hakuna aliyekuja, hakuna aliyeogopa, nikaona aibu, nikaondoka. Nilisahau kukuambia." Akamtazama Fundi. "Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unaningoja?"

"Uliniambia ningoje."

Mhariri anasema hakujua aangalie wapi. Bi Tulia anasema yeye alijua, akamwangalia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu amjue hakuweza kusoma uso wake. Ungeweza kuwa wa hasira. Ungeweza kuwa wa kilio. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Fundi akacheka kicheko ambacho kilimshtua dada wa mzee. Mwongozaji naye akaanza kucheka, huku machozi yakimshuka hadi kwenye blanketi.

"Haya," mzee akasema alipopata pumzi. "Sasa nakuambia. Sema."

Mtu aliyenyamaza miaka thelathini na tisa hajui aanzie wapi. Fundi akafikiri.

"Kile kiatu cha kushoto," akasema hatimaye, "kilikuwa kinabana."

Kwa asiye mpenzi wa filamu hii, maneno hayo hayana uzito. Lakini namna Mgeni anavyouburuta mguu wa kushoto imeandikiwa makala, imejadiliwa kwenye mikutano, na imeelezwa kuwa ni ishara ya uzito wa sayari, ya huzuni ya mtu aliye mbali na kwao, na mambo mengine ya aina hiyo. Mmoja wa wapenzi, bwana mwenye ndevu anayefanya kazi posta, ameandika kurasa arobaini juu ya mguu huo peke yake.

Siku kitabu kilipozinduliwa, Februari hii, katika ukumbi wa shule anayofundisha binti wa Fundi, bwana huyo alipanga foleni kama wengine. Alipofika mezani alisimama mbele ya Fundi, kofia mkononi.

"Mzee, nilikuwa nimeandika kurasa arobaini."

"Zilikuwa nzuri?" Fundi akauliza.

"Nadhani zilikuwa nzuri."

"Basi usizitupe," Fundi akamwambia, akatia sahihi.

Na binti? Aliambiwa jioni ileile waliporudi kutoka kwa mwongozaji, mezani, kabla ya chakula kupoa. Baba alimsogezea picha tu. Mwalimu wa fizikia aliitazama, akainuka, akatoka nje akazunguka nyumba, akarudi.

"Miaka kumi na mitano!" akapiga kelele. "Miaka kumi na mitano mnaniangalia navaa magunia kwenye korido!"

"Ulikuwa unaendelea vizuri," baba akasema.

Kwa siku mbili hakuwapigia simu. Siku ya tatu alikuja na lile vazi lake la magunia ndani ya mfuko, akamwomba baba yake alijaribu. Halikumtosha. Bi Tulia alipiga picha hata hivyo, baba na binti, kila mmoja ameshika upande mmoja wa vazi. Picha hiyo haimo kitabuni. Ipo ukutani studio, juu ya kioo.

Maisha ya mpiga picha hayajageuka dhahabu kwa sababu ya kitabu. Zamani, anasema, siku za kufungua shule alikuwa anapiga picha wateja sitini na zaidi mpaka mjomba anatoka nje kupanga foleni. Leo kila mtu ana kamera mfukoni, na siku ikiwa nzuri anapata kumi na mmoja au kumi na wawili. Studio nne zilizokuwa kwenye mtaa huu zimefungwa. Ya kwake imebaki kwa sababu ya pasipoti na vitambulisho, na kwa sababu, kwa maneno yake, "simu haijui kumkalisha mtoto."

Malipo ya kwanza ya kitabu yalitosha kubadilisha bati la studio lililokuwa likivuja, na kununua lenzi aliyoitamani tangu mwanawe wa pili hajazaliwa. Anaionyesha kwa namna watu wanavyoonyesha mjukuu. Hamwachii mtu aishike.

Saa sita kasoro, Fundi anaingia akiwa amebeba miguu mitatu ya kamera aliyoitengeneza bawaba. Magoti yanamsumbua, anatembea polepole, na wapita njia wawili watatu wanamsalimia kwa kubisha hodi hewani, ngo ngo ngo, bila kusema kitu. Siku za mwanzo alikuwa anaona haya. Sasa anabisha pia.

"Amekuwa na madoido," mkewe anamsema mbele yake.

"Ni wewe uliyenianika," Fundi anajibu, anaweka miguu ya kamera pembeni na kuulizia chai.

Bi Tulia anafungua droo ya kaunta na kutoa daftari la shule lenye jalada la kijani. Alipokuwa akichagua picha pamoja na mhariri, anasema, kuna kitu kilimkera. Kwenye kingo za picha zake kuna watu. Mkono ulioshika taa. Mgongo wa mpishi. Seremala amelala usingizi juu ya mbao zake. Katika majina yanayopita mwishoni mwa filamu, wengi wao hawamo.

"Nilikuwa nimewakata," anasema. "Si kwa ubaya. Niliambiwa nipige vifungo."

Ameandika majina kumi na tisa. Kati yao watano wamefariki, saba amewapata, waliobaki anawatafuta. Mpango wake ni kumfuata kila aliye hai mahali alipo na kumpiga picha nzuri, ya kukaa, kwenye mwanga wa dirisha, na lenzi mpya. Mhariri ameshamwambia kwamba kitabu kitakapochapwa tena, watapewa kurasa zao.

Wa kwanza ni mwanamke aliyeshona lile vazi la Mgeni la kwenye filamu. Ana miaka sabini na sita na anakaa kwa mwanawe, upande wa pili wa mji. Jumamosi studio itafungwa, na Fundi atabeba taa.

"Nilimpigia jana," anasema Bi Tulia. "Akaniuliza, 'Mimi nipigwe picha ya nini? Nilishona tu.' Nikamwambia avae nguo aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe. Halafu akaniuliza, 'Mwanangu, kwani mimi nina nguo gani ambayo sikuishona?'"